Umoja Usio na Kadi: Funzo la Vijana wa Taizé

Jumapili, katika shule nyingi za sekondari za bweni nchini Tanzania, wanafunzi Wakristo hutoka bwenini pamoja na kuachana kwenye milango ya madarasa: Wakatoliki wa TYCS huku, Waprotestanti wa UKWATA kule. Kila upande una katiba, mwenyekiti, mweka hazina na kwaya. Anayetaka kuwaunganisha kwa kawaida hupendekeza chombo cha tatu, nacho kiwe na katiba, mwenyekiti na mweka hazina wake. Makala haya yanadai kwamba njia hiyo huanzia pasipofaa. Ushahidi wake unatoka Taizé, kijiji cha Burgundy nchini Ufaransa chenye wakazi wasiofika 200, ambacho kwa zaidi ya nusu karne kimekusanya vijana wa madhehebu mbalimbali bila kumwandikisha uanachama hata mmoja.

Agosti 1940, Roger Schutz, Mswisi wa miaka 25 aliyelelewa katika Uprotestanti, alifika Taizé kwa baiskeli na kununua nyumba karibu na mstari uliotenganisha eneo lililokaliwa na Wajerumani na lile la serikali ya Vichy. Humo aliwaficha wakimbizi, wakiwamo Wayahudi. Vita vilipokwisha, Jumapili aliwakaribisha mezani wafungwa wa kivita Wajerumani walioshikiliwa jirani. Bruda saba wa kwanza wa jumuiya ya kitawa aliyoianzisha hapo, wote Waprotestanti, waliweka nadhiri za maisha Pasaka ya 1949. Wakatoliki walijiunga baadaye. Basi ukarimu ulitangulia taasisi. Hata Kanisa la Upatanisho, lililozinduliwa Agosti 1962, lilijengwa na vijana Wajerumani wa shirika la Aktion Sühnezeichen waliokuja kutubu kwa koleo na saruji.

Vijana walipoanza kumiminika, kanisa hilo lilizidiwa kabla halijafikisha miaka kumi. Pasaka ya 1971 bruda walibomoa ukuta wake wa mbele na kuunganisha hema. Mwaka 1974 Baraza la Vijana lilifunguliwa mbele ya umati wa takriban watu 40,000. Hapo ndipo kiongozi mwingine angechapisha kadi, akashona sare na kufungua matawi. Taizé ilifanya kinyume chake: miaka michache baadaye baraza lilisitishwa, likafuatwa na hija ya kuaminiana, na vijana wakahimizwa warudi kutumika katika parokia na sharika zao. Uamuzi huo ulipita katika mtihani mchungu. Bruda Roger alipouawa kwa kisu katikati ya sala ya jioni, tarehe 16 Agosti 2005, mikutano haikukatika, kwa kuwa haikuwa imejengwa juu ya utii kwa mtu mmoja.

Ni nini basi kinachowashikamanisha? Mtazame kijana kwenye foleni ya chakula: mkononi ana bakuli la plastiki na kijiko kimoja, uma na kisu havipo. Akishiba anakwenda zamu yake ya kusugua masufuria au kusafisha vyoo, na anayemmwagia maji huenda ni Mlutheri wa Sweden au Mkatoliki wa Poland. Kengele huwaita kanisani mara tatu kwa siku. Nyimbo ni fupi na hurudiwarudiwa, nyingi zikiwa tungo za Jacques Berthier, baadhi kwa Kilatini. Kilatini si lugha ya nyumbani kwa yeyote, hivyo hakuna mwenyeji wala mgeni katika kuimba. Jasho na pumzi hutangulia. Mjadala wa imani hufuata, baina ya watu ambao tayari wamelishana.

Wakosoaji wana hoja mbili nzito. Kwanza, meza ya Bwana bado imegawanyika, na hakuna sufuria litakalofuta tofauti ya mafundisho. Ni kweli, lakini Taizé haijadai kuifuta, na aliyekula na mwenzake wiki nzima huuona mgawanyiko huo kama jeraha, hauoni tena kama desturi. Pili, kuaminiana kusiko na ulinzi ni hatari. Mwaka 2019 jumuiya yenyewe ilitangaza hadharani madai ya unyanyasaji wa kingono dhidi ya baadhi ya bruda wake. Hoja hii inairekebisha hoja yangu: kuacha kadi ni sawa, kuacha uwajibikaji si sawa. Kijana asiye na kadi anahitaji mlinzi zaidi.

Njia hii si ya Ulaya peke yake. Novemba 2008 hija hiyo ilifika Nairobi, chini ya mwaka mmoja baada ya damu ya uchaguzi wa Desemba 2007. Novemba 2012 ikafika Kigali, mji wenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Katika miji yote miwili, kumpokea mgeni nyumbani hakukuwa jambo jepesi.

Turudi bwenini. Ujana ni nyumba ya kupanga: mwanafunzi wa kidato cha sita atahama, na mwenyekiti ataondoka na mhuri wake kabla katiba ya umoja haijapitishwa. TYCS na UKWATA wabaki na madarasa yao. Ila Jumapili moja kwa mwezi wapike pamoja, na wanaoosha vyombo wapangwe wawiliwawili, mmoja kutoka kila upande.