Dawa Iliyotoka Katika Ukungu

Msomaji kijana, ukitoka Woodley asubuhi ukaishika barabara ya Ngong kuelekea mjini, huenda ukakutana na mzee mwenye cheti cha daktari mkononi, aendaye kununua vidonge vya kupunguza kolesteroli, yaani mafuta ya damu. Pengine mzee huyo ni babu yako. Yafaa basi ujue vidonge hivyo vilitoka wapi, na kwa nini vyataka hadhari.

Mwaka 1971, huko Tokyo, Akira Endo na wenzake walianza kuchunguza ukungu wa kila namna, wakitafuta kitu kiwezacho kuuzuia mwili usitengeneze kolesteroli. Walipima aina zipatazo 6,000. Mwaka 1973 wakakipata katika ukungu ulioota juu ya mchele, ndugu wa ule utoao penisilini. Dawa ya kwanza ya jamii hiyo ya statini iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Mwaka 1994 uchunguzi wa wagonjwa wa moyo 4,444 katika nchi za Skandinavia ulionyesha ya kuwa waliopewa dawa walikufa wachache kuliko waliopewa vidonge vitupu.

Lakini dawa, hata iwe njema, haikosi madhara. Fikiri barabara ya Ngong imefungwa mwanzoni: aendaye Adams Arcade hukwama, na aendaye Karen hukwama pia. Ndivyo ilivyo mwilini. Njia itengenezayo kolesteroli ndiyo itengenezayo koenzaimu Q10, ihitajiwayo na mitokondria, vile viwanda vidogo vigeuzavyo chakula kuwa nguvu. Wengi huvumilia upungufu huo. Aliyezaliwa na mitokondria dhaifu hana akiba. Wako waliomeza statini, ndipo ugonjwa uliokuwa umejificha ukajitokeza, misuli ikauma na kulegea. Tena mwaka 2001 dawa moja ya jamii hiyo, serivastatini, iliondolewa madukani kwa sababu ya kuharibu vibaya misuli ya baadhi ya wagonjwa, na wengine wakafa.

Je, tuzitupe statini? La, hasha! Zimeokoa watu wengi mno. Usimshauri babu aache dawa yake. Mwulize kwa adabu kama misuli yamwuma, kama mkojo umekuwa mweusi, na kama katika ukoo wa mama yake walikuwako waliodhoofika misuli, kwani baadhi ya magonjwa ya mitokondria hurithiwa kwa mama. Kisha mfuatane kwa daktari, akamweleze yote. Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua.