Udongo wa Nyanza na hadaa zake kwa vitambua metali

Anayesaka dhahabu kwa kitambua metali katika mashamba ya Migori au Siaya hupambana na mahasimu wawili: udongo wenyewe, na vyuma vikuukuu vilivyozikwa humo. Mtambo una kinga kwa kila mmoja. Kinga hizo zisipopatana, dhahabu husalia ardhini huku mwenyewe akitokwa jasho kuchimbua misumari.

Na vyuma havikosekani. Reli ilifika Kisumu mnamo 1901, wachimbaji walimiminika Kakamega mapema miaka ya 1930, na mgodi wa Macalder, uliotoa shaba na dhahabu, ulifungwa 1966.

Koili ya kitambua metali hutoa uga wa sumaku unaobadilika maelfu ya mara kila sekunde. Uga huo ukipenya metali, huzua humo mkondo mdogo wa umeme, na mkondo huo hurudisha mwangwi. Mwangwi huchelewa kidogo: sarafu nene ya fedha huchelewesha wake zaidi kuliko kipande cha karatasi ya alumini. Tofauti hiyo ndiyo siri yote ya mtambo.

Shida ni kwamba ardhi nayo hujibu. Udongo mwekundu uliojaa oksidi za chuma, na mawe ya volkano yenye magnetaiti, huweza kutoa mwangwi mkubwa kuliko ule wa punje ya dhahabu mara nyingi. Mwangwi huo karibu hauchelewi kabisa. Kusawazisha ardhi ni kuufundisha mtambo sauti hiyo ili uipuuze: mtumiaji hutafuta mahali pasipo metali, akapandisha na kushusha koili hadi mlio usibadilike.

Kuchuja ni jambo jingine, ingawa kunategemea kipimo kile kile cha kuchelewa. Hapa mtambo huagizwa unyamaze kila unapopata mwangwi ulio kama wa msumari. Lakini katika kipimo hicho udongo na chuma ni majirani, na punje ndogo ya dhahabu haikai mbali nao. Punje ikiwa chini sana, mwangwi wake dhaifu huchanganyika na masalio ya ule wa udongo, nao mtambo huisoma kuwa chuma. Mtumiaji hasikii lolote, akapita.

Ndiyo maana kusawazisha hutangulia, na kichujio hufunguliwa kidogo tu. Ardhi isiposawazishwa vyema, hakuna kichujio kitakachotengeneza kosa hilo. Hata hivyo, jiwe lenye madini tofauti na udongo unaolizunguka litalia kama metali, kwani mtambo ulizoezwa udongo, si jiwe.

Hata mabingwa walihadaika. Mnamo 1881 Alexander Graham Bell alitumia mtambo wa aina hii kutafuta risasi mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani, na springi za kitanda zikamvuruga.

Ipo mitambo ya mipigo, ambayo hutuma mpigo mfupi na kusikiliza baada ya kuuzima. Hiyo husumbuliwa kidogo na magnetaiti, ila ni dhaifu katika kutenga chuma na dhahabu. Anayeitumia sharti awe tayari kuchimba takataka.

Ufuoni Dunga, Kisumu, kuna nafuu moja: maji ya ziwa si ya chumvi. Huko Mombasa mchanga uliolowa hupitisha umeme na kutoa mwangwi wake mwenyewe, tofauti na ule wa madini ya chuma, hivyo kusawazisha kimoja huharibu kingine. Lakini vishikio vya makopo ya alumini hulia kama pete ya dhahabu popote pale.

Dhahabu iliyotawanyika kama vumbi ndani ya mwamba haisikiki kwa mtambo wowote wa aina hii. Hiyo bado huhitaji kusaga na kuosha kwa karai.

Uchimbaji mdogo huhitaji kibali chini ya Sheria ya Madini ya 2016. Maeneo ya kale, kama vile Thimlich Ohinga huko Migori, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, hulindwa na sheria ya makavazi na turathi ya 2006, inayokataza kufukua mabaki ya kale bila leseni.