Disketi ya Lahore, Flashi ya Isongole

Pale Isongole, jirani na mpaka wa Malawi, ukienda steshenari kuprinti shairi, flashi yako inachomekwa kwenye kompyuta iliyokwisha kupokea flashi za watu kibao. Washikaji wa kalamu, kasheshe huanzia hapo.

Na si jambo geni. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, Basit na Amjad Farooq Alvi, walitunga kirusi kiitwacho Brain, eti kulinda programu yao ya tiba isinakiliwe ovyo. Ndani yake wakaandika majina yao na namba za simu! Matapeli wa leo hawana adabu hiyo. Brain ilisafiri kwa disketi, mkono kwa mkono. Mei 2000 ikaja ILOVEYOU kutoka Ufilipino, ikijifanya barua ya mapenzi; nani asifungue? Mei 2017 WannaCry ikafunga mafaili ya watu na kudai dola 300, ilhali Microsoft ilikwisha toa dawa tangu Machi. Wengi walioumia hawakuwa wamesasisha mashine zao.

Kirusi cha steshenari ni mjukuu wa kile cha disketi. Huficha mafolda yako, kikaacha vivuli vyenye majina yaleyale. Ukibofya kivuli, umekiamsha. Binti mmoja ninayemfahamu alidhani riwaya yake imekufa, akataka kuifuta flashi nzima. Nikamzuia. Tuliichomeka kwenye mashine yenye antivirusi, tukaamuru mafaili yaliyofichwa yaonekane. Sura zote tisa zilikuwemo. Siku hizi akienda kuprinti hubeba nakala tu; mswada wenyewe uko nyumbani, na mwingine kwa dada yake Tunduma.