MAHOJIANO NA HISTORIA YETU: TUJIFUNZE KUWAULIZA WAZEE

Kamati ya jumuiya ilipotuomba sisi walimu tuandike habari za safari yetu ya mwaka 1996 kwa ajili ya jarida hili la kumbukumbu, tulidhani kazi ni nyepesi. Wazee wapo, kalamu zipo. Tulichukua madaftari tukaenda kuwahoji. Siku ya kwanza tulirudi na majina, tarehe na idadi ya watoto, basi. Kosa lilikuwa letu, na ndilo tunalotaka kulieleza hapa.

Kuandika historia kwa njia ya mahojiano si jambo geni katika Afrika. Mbelgiji Jan Vansina alianza mwaka 1953 kukusanya masimulizi ya Wakuba wa Kasai, katika nchi yetu ya Kongo. Kitabu chake cha mwaka 1961 kiliwafundisha wasomi wengi kwamba neno la mdomo nalo ni ushahidi, mradi lipimwe kama yanavyopimwa maandishi.

Hapa Tanzania, nchi iliyotupokea, upo mfano mwingine mkubwa. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 huko Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Vikaisha mwaka 1907. Karatasi nyingi zilizobaki ziliandikwa na Wajerumani. Gavana von Götzen alitoa kitabu chake mwaka 1909. Aliyekimbilia porini na aliyezika watoto kwa njaa hawakuandika kitu. Ndipo mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwauliza wazee. Watafiti John Iliffe na Gilbert Gwassa walikuwa katika kazi hiyo. Mtoto wa miaka 10 wakati wa vita alikuwa sasa na miaka 73. Wangechelewa kidogo, wasingemkuta.

Hata hivyo kazi ile nayo ilikuwa na upungufu. Uhuru ulikuwa bado mpya, na swali kubwa lilikuwa jinsi makabila yalivyoungana kumpinga mgeni. Katika miaka ya 1990 mwanahistoria Thaddeus Sunseri alionyesha mambo yaliyokuwa yamewekwa kando: njaa, nguruwe mwitu walioharibu mashamba, na mzigo wa wanawake. Hapo tunajifunza kwamba mtu hujibu alichoulizwa.

Sasa turudi kambini. Kwetu sisi, neno mahojiano lina maana ya meza, faili na afisa. Tulipofika na madaftari, mama mmoja mzee alituuliza: "Walimu wanangu, nijibu kama kule ofisini, au nisimulie?" Tukamwambia, "Mama, simulia." Akasema, "Haya. Ofisini wanataka tarehe. Mimi tarehe sina, nina mahindi. Tuliondoka mahindi yamefika magotini, nikalia kwa sababu nilikuwa nimeyapalilia jana yake." Aliendelea mpaka jua likazama: mtumbwi, mawimbi ya Tanganyika, jirani aliyemshikia mtoto. Tulipolinganisha na wengine, mahindi yale yalitupeleka mwezi Oktoba, mwezi ambao Uvira ilitekwa. Tarehe aliyodai hana, alikuwa nayo.

Tangu siku hiyo tumejiwekea utaratibu. Kwanza, tunaeleza sisi ni nani na daftari ni la nini. Hatuahidi mgao wala safari ya ughaibuni. Pili, hatumtilii mtu maneno kinywani. Hatuulizi, "Mliteswa, sivyo?" Tunauliza, "Siku ile ilikuwaje?" kisha tunanyamaza. Tatu, tunaandika maneno yake kama alivyoyatamka, halafu tunayapima kwa kumwuliza mwingine. Wakitofautiana, tunaandika yote mawili. Nne, tunawauliza wanawake peke yao, maana mbele ya mume wengi husema, "Mwulizeni baba." Tano, mtu akisema hapa sitaki, tunafunga daftari. Yapo majeraha ambayo hayapaswi kuguswa na mwalimu wa shule.

Kwa ndugu zetu wafanyakazi wa mashirika tuna ombi moja. Faili zenu zina kazi yake, na madaftari haya yana yake. Msiyaombe ili kulinganisha majibu. Mzee akijua kwamba masimulizi yake yatafika mezani, atarudi kwenye majina na tarehe, nasi tutakuwa tumempoteza.

Wengi wetu tunaofundisha leo tulivuka ziwa tukiwa mgongoni, na wanafunzi wetu wengi wamezaliwa hapa hapa. Waliokuwa watu wazima mwaka 1996 wanapungua, na kila msiba kambini unaondoka na sehemu ya habari zetu. Basi, jioni ya leo, kila mwenye mzee nyumbani amwulize swali moja tu: siku ile ulibeba nini, na uliacha nini? Kisha akae, asikilize, aandike.