Mkopo Ukiiva, Nani Anakula?

Wadau, mwaka jana binamu yangu alichukua pikipiki kwa mkopo. Kijiwe chake kiko Kombani, pale njia ya Kwale inapokata. Mkataba ulikuwa Kiingereza kitupu, na ndani kulikuwa na neno "default". Yeye akajua ni ile ya simu, unarudisha setingi zilivyotoka dukani. Kumbe kwenye mkopo, mtu "aki-default" ameshindwa kulipa. Pikipiki ikaenda.

Nikaanza kuchimba, nikakuta hii stori ni ya zamani hapa Pwani.

Karne ya 19, Unguja na Mombasa, mwenye shamba akitaka pesa aliweza kuandika hati ya Kiarabu inayosema ameuza shamba. Iliitwa bei ya khiyari: akirudisha pesa ndani ya muda waliopatana, shamba linarudi kwake. Mara nyingi alibaki pale pale akimlipa "mnunuzi" kodi, na hiyo kodi ilifanya kazi ya riba. Karatasi inasema kauza, maisha yanasema kakopa. Muda ukipita, karatasi inashinda.

Mwaka 1895 Waingereza wakatangaza himaya yao huku, na polepole lugha ya hati ikahama. Mtego ukabaki. Msanii aki-perform wimbo, sote tunaelewa. Lakini kwa watu wa benki mkopo nao una-"perform", peke yake, maana yake unalipwa kwa wakati.

Au chukua "mature", yaani kuiva. Embe likiiva, unakula. M-Akiba ya serikali, ile ya 2017 iliyonunuliwa kwa simu kuanzia shilingi 3,000, ilipoiva walionunua walirudishiwa pesa zao. Mkopo wako ukiiva, unaliwa wewe.

Umeona ujanja? Mkopo unaiva, mkopaji ana-default. Anayedai haonekani kwenye sentensi, kama vile mambo yanajitokea yenyewe kama mvua.

Na tusijifanye Kiswahili ni malaika. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 inasema "kopa" ni kuchukua mkopo, na pia ni kulaghai! Ila tofauti ni kwamba neno la kwetu unaweza kumuuliza bibi nyumbani.

Maoni yangu ni haya: Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Basi mkataba wa kijana wa boda uandikwe Kiswahili. Hadi siku hiyo, kabla hujatia sahihi uliza: hapa nani anamfanyia nani nini?

Binamu sasa anaendesha pikipiki ya mtu, analeta hesabu kila jioni. Juzi kaja na mkataba mwingine nimsomee. Tulikaa nao saa nzima. Bado hajatia sahihi.