Pato la Taifa kwa Kila Mtu: Botswana na Zambia

Pato la taifa kwa kila mtu hupatikana kwa kugawa pato zima la nchi kwa idadi ya watu wake. Majirani hawa wawili wa kusini mwa Afrika wanaonyesha jinsi kipimo hicho kinavyoweza kupinduka.

Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964 ilikuwa tajiri kwa shaba. Botswana, iliyojitawala mwaka 1966, ilitegemea ng'ombe, ikawa na kilomita chache mno za lami katika nchi kubwa kuliko Kenya. Mwaka 1967 almasi ikagunduliwa Orapa. Mgodi wa Jwaneng ukafuata mwaka 1982. Serikali ilimiliki nusu ya kampuni ya uchimbaji, na mapato yakaenda kwenye barabara, shule na akiba. Bei ya shaba, kwa upande mwingine, iliporomoka katikati ya miaka ya 1970, wakati reli ya TAZARA ikikamilishwa ili kuifikisha shaba hiyo Dar es Salaam. Zambia ikakopa, madeni yakaielemea.

Leo pato la Mtswana kwa wastani ni mara kadhaa ya lile la Mzambia. Idadi ya watu nayo imechangia: sensa za 2022 zilihesabu takribani milioni 2.3 Botswana na milioni 19.6 Zambia.

Wastani huo usimdanganye msomaji. Hauonyeshi nani kapata nini, na Botswana ni miongoni mwa nchi zenye pengo kubwa zaidi duniani kati ya matajiri na maskini.