Fuliza, Shwari na Jahazi: Deni lilivyojipatia majina matamu

WENGI wetu tunajua kuwa M-Pesa ilizinduliwa nchini Kenya mnamo Machi 2007. Lisilosemwa sana ni kwamba awali haikukusudiwa kutumiana pesa. Ilibuniwa kwa ajili ya kulipa madeni.

Mnamo 2005, kampuni ya Vodafone, ikisaidiwa na ruzuku ya serikali ya Uingereza, ilianza majaribio pamoja na Safaricom na shirika la mikopo midogo la Faulu. Nick Hughes na Susie Lonie, walioongoza mradi huo, walitaka wakopaji walipe mikopo yao kwa simu badala ya kubeba noti hadi kwenye mikutano ya vikundi. Lakini watu walipopewa simu, walifanya yao. Walitumia jamaa zao hela. Wengine waliweka pesa kwa wakala kabla ya safari, wakazitoa walipofika, ili wasiporwe njiani. Wabunifu wakalipokea somo hilo: mradi wa mikopo ukageuka kuwa huduma ya kutuma pesa nyumbani.

Kwa hakika, Wakenya walikuwa wamekwisha kuzoea mchezo huo kupitia ‘Sambaza’, huduma ya kugawiana muda wa maongezi. Kitenzi hicho, kilichonyambuliwa kutoka ‘sambaa’, kilikuwa na maana pana ya kueneza. Mara mtaani ukasikia, “Nisambazie mbao tu!” na kila mtu akaelewa.

Kiisimu, jina M-Pesa lenyewe ni la kupendeza. ‘Pesa’ ni neno la kale lililotujia kutoka Bara Hindi kupitia biashara ya Bahari Hindi. Chombo kipya kabisa kikavishwa neno la kale, nalo likakubalika papo hapo. Linganisha na ‘tarakilishi’ na ‘ngamizi’, istilahi ambazo wanafunzi wetu huziandika katika mtihani, kisha wakitoka nje husema ‘kompyuta’.

Hata hivyo, deni lililotolewa mlangoni lilirudi kupitia dirishani. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, ya kuweka akiba na kukopa. Januari 2019 ikaja Fuliza, inayomwezesha mteja kulipa hata salio lake likiwa halitoshi. Kwa upande wa muda wa maongezi, tunayo Okoa Jahazi.

Tuyatazame majina haya kwa makini. Hakuna hata moja lenye ‘kopa’, ‘deni’ wala ‘riba’. ‘Shwari’ ni hali ya bahari iliyotulia. ‘Okoa jahazi’ inatuletea taswira ya chombo kinachozama na mwokozi anayefika kwa wakati, ingawa mwokozi huyo hudai asilimia 10 ya alichokuokolea. Msamiati wa mabaharia wa pwani umetumika kupaka asali jambo ambalo wazee wetu walilionea haya.

‘Fuliza’ ndilo lenye kisa kikubwa zaidi. Katika kamusi, kufuliza ni kuendelea kutenda jambo bila kusita. Ni jamaa wa ‘fululiza’ na ‘mfululizo’. Leo, mwulize kijana yeyote Gikomba au Kongowea. Atakwambia, “Nimefuliza,” akimaanisha amekopa. Zaidi ya hayo, kitenzi kimegeuka nomino: “Fuliza yangu bado sijamaliza.” Na kwa kuwa pesa yoyote inayoingia kwenye akaunti hukatwa kwanza kulipia kilichokopwa, mtu hubaki bila kitu na kulazimika kufuliza tena kesho yake. Maana ya kale ya kutosita imerejea, safari hii ikiwa na uchungu.

Sipingi huduma hizi. Mama mboga anayehitaji kununua sukuma wiki sokoni saa kumi alfajiri hana benki nyingine ya kubishia hodi. Hoja yangu ni ya lugha. Neno zuri hurahisisha mkono kubonyeza kitufe. Anayesema “nimekopa” hujiuliza atalipa lini. Anayesema “nimefuliza” huenda asijiulize.

Wanaleksikografia wana kazi ya kuiongeza maana hii mpya katika kamusi, na waieleze bila kuficha: fuliza, kukopa kwa simu. Nasi watumiaji, tunapohesabu matumizi ya mwezi, tuliandike deni kwa jina lake.